Naomba ushauri: TV za chogo na betri zilizovimba nizipeleke wapi?

Habari za jioni wadau. Nina banda la ufundi wa simu na TV hapa Mbagala. Stoo imejaa: TV za chogo ambazo wenyewe walizitelekeza tangu ving'amuzi viingie, saketi za redio, na ndoo nzima ya betri za simu, nyingine zimevimba kama maandazi.

Vijana wa vyuma chakavu wanapita kila mara, ila wanachotaka ni shaba tu. Wanapasua chogo wang'oe ile koili ya shingoni, nyaya wanazichomea nyuma ya nyumba za watu, moshi mweusi unaingia mpaka vyumbani. Kioo chenyewe kina madini ya risasi, nacho kinaachwa mtaroni. Nikiwapa, mimi nitapumua, lakini majirani je?

Gari la taka la mtaa nalo naliogopa. Betri ya lithiamu ikigandamizwa inashika moto.

Najua kuna kanuni za mwaka 2021 za taka za elektroniki, na kwamba mkusanyaji anatakiwa awe na kibali. Kuna anayemfahamu mwenye kibali hapa Dar anayechukua hata vioo, siyo saketi peke yake (saketi kila mtu anazitaka)? Anakulipa kwa kilo au wewe ndiye unamlipa? Na betri zilizovimba mnazihifadhije? Zangu nimezifukia kwenye mchanga mkavu ndani ya debe, nje ya banda. Mafundi wa Kariakoo, nyie mnafanyaje?