Mwanafunzi wangu Mchina: kusoma 7.5, kuzungumza 5. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Barani
Salamu wadau. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Malindi, wengi ni watoto wa kidato cha nne. Juzi mzee mmoja Mchina mwenye duka la vigae ameniletea binti yake wa miaka 19. Sekondari amemalizia kwao Fujian, sasa anataka kusomea uuguzi Australia. Chuo kinadai IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, apate 6.5, na sehemu yoyote isipungue 6. Alishaukaa mtihani mara moja: kusoma 7.5, kusikiliza 6.5, kuandika 5.5, kuzungumza 5. Jumla akapewa 6.

Ajabu ni kwamba maneno anayoyajua, mengine mimi mwenyewe naendea kamusi. Lakini muulize jana amekula nini: kimya. Insha zake zote zina mlango mmoja, maendeleo ya haraka ya sayansi na teknolojia. Nimempa mada ya kufuga paka, sayansi na teknolojia. Chakula cha shuleni, sayansi na teknolojia. Kaka yake ni she, mama yake ni he, na mwisho wa maneno anaumeza.

Nilitaka nimpeleke ufukweni azungumze na wageni, nikakumbuka hapa ni Malindi, atarudi anajua Kiitaliano. Nisaidieni.

Kipepeo
Mpeleke Nairobi kwenye madarasa ya IELTS. Wewe ni wa KCSE, ule wa kidato cha nne, huo mtihani mwingine kabisa.

Bint Langoni
Mwalimu, huyo wa Nairobi usimsikize. Huko atapewa insha nyingine za kukariri, na kukariri ndiko kulikomfikisha hapo alipo. Mimi ni wa Lamu, nimesoma Hangzhou huko Uchina, na jioni nalikuwa nikiwasaidia wenzangu wa bweni kwa mtihani uo huo. Asubuhi utawakuta nje, kila mtu na kitabu chake yuwasoma maneno kwa sauti. Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu una alama 150 za Kiingereza, na kazi kubwa ni kusoma na kuandika. Kusema si kwamba hajui. Hajaulizwa.

Kwanza hesabu, maana baba yake atakuuliza. Wastani wa zile alama nne ni 6.125, ndiyo maana akashushwa hadi 6. Ukifika 6.25 hupandishwa hadi 6.5. Kwa hivyo kusoma kuache kulivyo. Kuandika kukifika 6 na kuzungumza 6, kazi imekwisha.

Katika kuandika ana dakika 60 kwa kazi mbili. Ya kwanza ni maneno 150, ya pili ni insha ya maneno 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Insha mpe dakika 40. Wasahihishaji wazijua sana insha za kukariri na hawazipi alama. Mpe sharti moja tu: sentensi ya kwanza iwe haiwezi kuhamishiwa insha nyingine. Paka ni paka.

Nyakati zinamsumbua kwa sababu kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo, iwe jana au kesho. Kanuni yuwaijua kuliko mimi na wewe, ila akiwa na haraka haimjii. Mazoezi ya kujaza mapengo hayatamfaa, atayapata yote. Akija kwako asimulie yaliyotokea dukani jana, mrekodi kwa simu, ajisikilize. Na hilo la he na she msimcheke, Kichina cha mdomoni hakitenganishi, kama sisi tu. Nina hakika hata vijana wako wa kidato cha nne wanalo.

Sasa sauti. Silabi za Kichina sanifu karibu zote huishia kwa irabu, au n na ng, ndiyo maana k, t na s za mwisho azimeza, na ile s ikimezwa wingi wote umekwenda nayo. Th hawana, v hawana. Lakini sisi tunazo! Mfundishe themanini, thelathini, thawabu, na jioni mtume mwenyewe akanunue viazi karai vya baba yake. Lafudhi haikatiwi alama, kutoeleweka ndiko kunakokatiwa.

Akitaka akiba kwenye kusikiliza, mnoe namba. Kwao 10,000 ina jina lake, na laki moja ni kumi ya hizo, kwa hivyo akisikia elfu sitini na tano kwa Kiingereza lazima akokotoe kwanza, na kanda haimngoji. Keti naye kaunta na zile risiti, wewe soma bei, yeye aandike tarakimu.

Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14. Katikati hupewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha aseme hadi dakika mbili. Mtungie kadi za hapo hapo: Mnara wa Vasco da Gama, mteja aliyekataa kulipa. Macho yakipanda darini ujue yuwasoma kichwani. Mkatize, muulize kwa nini.

Fundi Muyeye
Mwalimu na wewe jifunze Kichina kwake, mkatane ada.

Mwalimu wa Barani
Dada, Mungu akuweke. Leo nimempa hiyo ya mteja aliyekataa kulipa, kumbe kisa kipo kweli. Vigae vilivunjika, mteja asema ni dukani, dereva asema ni kwa mteja. Mikono yote ilikuwa juu, akapitisha dakika mbili, ilibidi mimi nimsimamishe. Nani ni he nani ni she sikupata. Makosa hayo nimsahihishe papo hapo?

Bint Langoni
La, mwache amalize. Kisha mwekee rekodi, na kila akisikia kosa lake ainue kidole. Yale yanayompita bila kidole, hayo ndiyo somo la kesho. Ya Fundi kuhusu ada, muulize baba yake.