Naomba ushauri: kutafuta namba mbili kutokana na KKS na KDS

Habari zenu walimu na wazazi. Mwanangu wa darasa la sita kapewa swali: KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki) ya namba mbili ni 6, KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki) ni 72, zitaje.

Najua zao la namba hizo ni sawa na 6 × 72, yaani 432. Nikigawa 72 kwa 6 napata 12, ambayo ni 1 × 12, 2 × 6 au 3 × 4. Nikizidisha kwa 6 napata 6 na 72, au 18 na 24. Ila 12 na 36 zinakataa, japo zao lake ni 432 vilevile, kwa kuwa KKS yake ni 12.

Mtoto hapo ndipo anapokwama kabisa. Nimweleweshe vipi bila kumkaririsha? Na swali lisiposema zaidi, aandike majibu yote mawili?