Aliyefungua fundo juu ya barafu ya Mlima Kenya leo anatuita waoga

Ndugu zangu wa Amu, nimetoka barazani Mkunguni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mtu yule mnamjua nyote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Amesema mbele ya wazee, kwa sauti iliyofika Matondoni na kuwanyamazisha punda wa pwani nzima, kwamba barafu tunayoiweza sisi ni ile ya kutiwa kwenye juisi ya ukwaju. Watu wakacheka, nami nikaondoka nikaacha kahawa yangu.

Mtu huyu ndiye aliyefungua fundo.

Miezi 3 tulifanya mazoezi pamoja, tukipanda na kushuka matuta ya mchanga ya Shela kila alfajiri na madumu ya maji mgongoni, kwa kuwa kisiwa chetu hakina kilima kingine cha kumchosha mtu. Mafundo nilimfundisha mimi, yaleyale niliyofundishwa na babu yangu jahazini. Tulipanda kwa njia ya Naro Moru, tukapita kinamasi kilichotuvua viatu, tukalala kwenye kambi ya Mackinder, mita 4,200, kisha tukafika kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790. Kutoka hapo hadi kilele cha Lenana zilibaki mita 195 tu za kwenda juu.

Tukiwa kwenye barafu ya Lewis, sote tumefungwa kamba moja, mwenzetu aliumwa na kichwa, akatapika, akaanza kuyumba. Kiongozi wetu akasema dawa yake ni moja, kushuka, na kwamba hakuna atakayejifungua, kwa sababu barafu ile ni ngumu kama kioo na anayeteleza hana pa kushika. Hapo ndipo bwana yule alipoinama, akalifungua fundo nililomfunga kwa mkono wangu, akaenda Lenana kupiga picha. Kiongozi ikambidi amfuate asije akafa, nami nikamshusha mgonjwa peke yangu. Alilifungua tukimtazama, wala hakugeuka.

Kaskazi: Pole sana, ndugu. Anayefungua kamba mahali pale ni sawa na nahodha anayeachia usukani wakati wa kusi. Mimi simpakii hata kwenye mtumbwi.

Mzee wa Langoni: Ninavyokumbuka, wewe mwenyewe pale Shela ulikuwa ukikaa kitako kila baada ya hatua 10 na kuomba maji. Huenda alijifungua kwa kuchoka kuburuta nanga.

Mwenye uzi: Kukaa kwangu kitako hakuhusiani na fundo. Nilikuwa nimemshika mgonjwa kiunoni, na fundo lilifunguliwa mbele ya macho yangu.

Binti Mkomani: Mnagombania Lenana, ambayo ni kilele cha tatu. Cha kwanza ni Batian, mita 5,199, na cha pili ni Nelion, mita 5,188, na vyote viwili vinataka mtu ajuaye kukwea mwamba kwa kamba. Lenana hufikiwa kwa miguu. Kinachoniuma mimi ni kwamba alikwenda kujigamba huko akiwa amevaa koti langu, na mpaka leo hajalirudisha.

Kaskazi: Hata barafu yenyewe ya Lewis imebaki kipande. Tangu ilipopimwa mwaka 1934 imepoteza sehemu kubwa mno, kwa hiyo anayejisifu nayo leo anajisifu kwa masalio.

Mpishi wa Shela: Afadhali wewe wa koti. Mimi nilimwazima jiko la mafuta na sufuria za safari, jiko likarudi limeziba na sufuria kubwa haina mfuniko, na alipoulizwa akasema mfuniko ulipeperushwa na upepo wa mlimani.

Binti Mkomani: Koti nalo niliambiwa limeloa na linaanikwa. Ni mwezi wa pili sasa linaanikwa.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumza juu ya fundo.

Mzee wa Langoni: Mpishi, mfuniko huo ulikuwa na kishikio cha mbao? Kama ni huo, nimeuona nyumbani kwake umefunika mtungi wa maji.

Mpishi wa Shela: Ndio huohuo. Ninavaa viatu.