Ukoo wa Chumbageni: Kiwiko cha Salim

Mama Salim: Asalaam aleikum wote. Salim karusha mpira wa besiboli leo! Mara ya kwanza tangu upasuaji, miezi 14.

Shangazi Tanga: Waaleikum salaam. Alhamdulillah! Mkono umehimili?

Mama Salim: Umehimili. Mimi ndiye sikuhimili, kila akinyanyua goti nafumba macho 😩

Babu: Niko macho nangoja adhana. Karusha mingapi?

Mama Salim: 31 baba. Kocha ana kidude mkononi cha kuhesabia. Kwa kanuni za umri wake, angeishia 30 asingehitaji mapumziko, huo mmoja wa ziada ndio apumzike siku nzima.

Babu: Huo mshipa waliompandikiza walimtoa nani?

Mama Salim: Wake mwenyewe. Kutanisha kidole gumba na kile kidogo, halafu kunja kiganja kidogo. Unaona kamba inatokeza katikati ya kifundo? Ndiyo hiyo, wameihamishia kwenye kiwiko.

Shangazi Tanga: Mbona mimi sina??

Mjomba Silver Spring: Wapo wasiokuwa nayo dada. Wewe ungetolewa mguuni 😂

Babu: Mimi ninayo, mikono yote miwili.

Mjomba Silver Spring: Wa kwanza kufanyiwa ni Tommy John, mrushaji wa timu ya Dodgers, 1974, na Dkt. Frank Jobe. Watu walishamzika kimpira. Akarudi 1976, akarusha hadi 1989, umri miaka 46.

Baba Salim: Ndiyo maana nasema Agosti aende kwenye yale mashindano ya kuonwa na vyuo. Ana miaka 17, mwakani atakuwa amechelewa.

Mjomba Silver Spring: Shemeji, taratibu. Unamkumbuka Strasburg, mrushaji wa timu ya hapa Washington?

Baba Salim: Nimsahauje? Juni 2010, mechi yake ya kwanza, akawatoa wapigaji 14.

Mjomba Silver Spring: Na Septemba hiyohiyo yuko kitandani, kiwiko kimepasuliwa. Mwaka mmoja baadaye karudi. 2012 anawaka kwelikweli, timu ikamsimamisha kwenye ininga (vipindi vya mchezo) 159 na ushei ili kumtunza kiwiko, mtoano umekaribia! Mji mzima ulitukana. Wakaenda bila yeye, wakatolewa na St. Louis. Lakini 2019 ubingwa ulikuja, na mchezaji bora wa fainali akawa nani?

Baba Salim: Malizia basi. Baada ya fainali wakampa mkataba wa dola milioni 245 wa miaka saba. Akacheza mechi nane tu, mishipa ya fahamu ya begani ikamkataa. 2024 kastaafu. Huo utunzaji wa 2012 ulimsaidia nini?

Mjomba Silver Spring: Ulimpa 2019.

Baba Salim: Una hakika gani?

Mjomba Silver Spring: Sina. Wala wewe huna kwamba Agosti itampa chuo.

Shangazi Tanga: Nyie wawili mngekuwa Tanga ningewatuma sokoni.

Babu: Huku mchezo wenyewe wanaujua labda vijana wa shule ya Azania, Dar, waliosaidiwa na Wajapani kupata uwanja. Mimi nauliza hivi, huyo mtoto mwenyewe anasemaje?

Mama Salim: Yuko chumbani, kajifunga barafu. @Salim

Salim: Shikamoo babu. Shikamoo shangazi, mjomba. Nimesoma yote 😅

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Mpira wa kupinda ulirusha?

Salim: Hata mmoja babu, bado sijaruhusiwa. Ya kasi na ya kupunguza mwendo tu. Nilifika maili 84 kwa saa, kabla ya kuumia ilikuwa 88.

Baba Salim: Hizo nne zitarudi.

Salim: Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, anasema ya mwisho kurudi siyo kasi, ni kuuweka mpira pale unapotaka. Na kweli, leo nilimgonga mtu mgongoni.

Shangazi Tanga: Ulimwomba radhi?

Salim: Nilimwomba. Agosti sijui. Nataka, lakini asubuhi mkono haunyooki mpaka niupashe joto.

Mama Salim: Haunyooki tangu lini?

Salim: Kama wiki hivi

Mama Salim: Salim. Teremka hapa chini.