Tumefungwa tatu nyumbani, tajiri anasema "leo watu wameingia"

Mzee wa Kibirizi

Wakuu, naandika viatu sijavua, vumbi la uwanjani bado limenijaa miguuni.

Simtaji mtu. Sina haja. Kigoma nzima inamjua, kuanzia Mwandiga mpaka Katonga, na ng'ambo kule Kalemie wanamjua zaidi maana kuna watu anawadai. Ni yule yule wa maboti. Yule aliyesimama juu ya kiti pale Mwanga, jasho linamtiririka, akasema "nipeni hii timu niwapeleke Ligi Kuu." Tukampa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Leo ndiyo ilikuwa mechi yenyewe ya kupanda. Sare tu ilitutosha. Sare! Tumekula tatu bila majibu. Na msidhani nazililia hizo tatu. Kufungwa ndiyo mpira, Barcelona alikula nane kwa Bayern 2020 na Messi akiwa ndani, na hakuna aliyekufa.

Mimi nalilia neno. Filimbi ya mwisho imelia. Kipa wetu kajifunika uso na glavu. Mzee mmoja jukwaani kavua baraghashia, anaipigapiga kwenye goti, haongei na mtu. Natoka, namkuta tajiri getini, kakalia stuli, vishina vya tiketi viko mapajani mafungu mafungu, kidole gumba kakilowesha mate anahesabu. Namwambia, "Bosi, pole, imekuwaje tena?" Ananiangalia. Anatabasamu. Anasema:

"Lakini leo watu wameingia."

WATU. WAMEINGIA.

Nilishindwa hata kumtukana, na mimi kutukana ni kipaji. Nimepanda bodaboda, dogo ananiuliza matokeo, nikajikuta namjibu, "Watu wameingia."

Sasa sikilizeni. Mzunguko ni elfu mbili msimu mzima, leo asubuhi kaamka na elfu tano. Ukija na maji yako yanamwagwa getini, ya kununua ndani ni ya kwake. Straika wetu, yule dogo aliyekuwa anafunga hata akiwa na malaria, kauzwa dirisha dogo, namba yake kapewa mpwa wa tajiri ambaye mpira ukimfikia anausalimia kwanza. Na kambini, hili nimeambiwa na mpishi, dagaa wanaoliwa na wachezaji wanatoka kwenye maboti yake mwenyewe, na anaiandikia timu bei ya rejareja. Rejareja! Anajiuzia dagaa halafu anakuja redioni kusema timu inampa hasara.

Goli la pili linaingia, mwenye timu kaupa uwanja mgongo, anabishana na dada wa juisi ya miwa kuhusu ushuru wa meza. Kelele za wageni ndizo zilizomgeuza. Kageuka, kaangalia, karudi kwenye miwa.

Halafu eti leo watu wameingia. Na tabasamu juu! Nikifa usiku huu mjue kilichoniua.

Nauliza: tajiri akichukua timu anataka kombe au anataka geti? Na msiniletee uchumi.

Mgebuka Mkavu

Swali dogo mleta uzi. Uliingia kwa tiketi au uliruka ukuta?

Mzee wa Kibirizi

Nililipa! Elfu tano taslimu!

Mgebuka Mkavu

Basi watu wameingia 😂😂

Binti wa Ujiji

Huyo dada wa miwa ni wifi yangu. Meza alitozwa asubuhi, akatozwa tena mapumziko, eti mechi imekuwa kubwa. Alipogoma, mtu mzima akajimiminia glasi mbili, akasema tumemalizana. Goli la tatu kaliangalia mrija uko mdomoni.

Mzee wa Kibirizi

MRIJA! Hilo sikuliona. Mungu alinihurumia.

Mchumi wa Bangwe

Mkuu punguza povu tuongee. Timu ni biashara, na kwenye biashara kombe si lazima. Familia ya Glazer walipoichukua Man United 2005 walikopa, na deni wakalitwika klabu yenyewe, riba inalipwa na klabu. Ubingwa wa ligi wa mwisho ni 2013, mwaka aliostaafu Ferguson. Miaka mingi imepita wanapigwa kushoto kulia, na bado 2024 Ratcliffe akaja akanunua zaidi ya robo ya hisa kwa pauni zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo aliyefungwa ni shabiki. Mwenye timu hajawahi kufungwa hata siku moja.

Mzee wa Kibirizi

NIMESEMA MSINILETEE UCHUMI. Glazer hajanitabasamia getini. Huyu kanitabasamia! Tena meno yote!

Kiungo Mkabaji

Mchumi unachagua mifano. Abramovich je? Kaichukua Chelsea 2003, kamwaga hela, kombe la Ulaya 2012, lingine 2021, na alipolazimika kuondoka 2022 klabu ilikuwa inadaiwa naye pauni bilioni moja na nusu na hakuzidai. Huyo alitaka kombe. Wapo matajiri wanaotaka kombe.

Mchumi wa Bangwe

Abramovich hela zake zilitoka kwenye mafuta, Chelsea ilikuwa starehe yake. Huyo wenu anasubiri miwa. Tajiri anayetegemea geti ale, usimdai kombe.

Kiungo Mkabaji

Tajiri anayetegemea geti ale huyo si tajiri, ni mkata tiketi mwenye gari zuri.

Mgebuka Mkavu

Hapo umeua mtu 😂

Wa Mchangani

Mimi namtetea. Kabla yake timu ilikuwa ya wanachama, mkawa mnachangishana nauli ya kwenda kucheza ugenini mpaka wachezaji wakalala stendi. Mleta uzi, mchango wako wa mwisho ulitoa lini? Jezi zile zenye namba za kuandika kwa rangi mmezisahau? Mwacheni mzee wa watu ahesabu vishina vyake.

Mzee wa Kibirizi

Kulala stendi tulilala na tukashinda! Sasa wanalala kitandani, wanadaiwa dagaa!

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Kutoka Tabora nawasalimu. Nyie mna bahati hamjui tu. Sisi 2023 tumepanda Ligi Kuu kwa shangwe, mechi ya kwanza na Azam kule Chamazi tunashuka na wachezaji wanane. Wanane! Usajili haujakaa sawa. Dakika ya kumi na tano tuko nyuma nne bila, wengine wameumia, idadi haitoshi, mechi imevunjika. Mimi nilikuwa na mkeka wa magoli zaidi ya manne na nusu. Naomba mnipe pole mimi kwanza ndiyo tuendelee na huyo wa miwa.

Binti wa Ujiji

Pole kaka, lakini kwa nini unabeti timu yako ifungwe?

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Dada, mapenzi mbali, hela mbali. Na hivi mnavyouliza kombe au mapato, sisi tumeshamaliza ubishi, timu sasa inaitwa TRA United. Mapato yako kwenye jina.

Mgebuka Mkavu

Yaani ukikosa penalti unaandikiwa faini na riba 😂😂😂

Afande Mstaafu

Kigoma hamjakosa mpira, mmekosa adabu. Nendeni uwanja wa Lake Tanganyika mkaangalie Mashujaa. Timu ya jeshi, iko Ligi Kuu, na hamtaona mtu anahesabu vishina.

Wa Mchangani

Afande, timu ya jeshi ikifungwa tutamlalamikia nani? Bora huyu tunamsema.

Mwananchi Halisi

Wakuu tatizo la hawa matajiri lilianza mlipowaachia. Kule Msimbazi walikubaliana na mwekezaji asilimia 49 kwa bilioni 20, wanazozana nazo mpaka kesho.

Mnyama Mkali

Nilijua tu utakuja. Wewe wa Jangwani uliyebebwa mgongoni na mfadhili kuanzia jezi mpaka nauli, leo unaongelea hisa za watu?

Mwananchi Halisi

Anayebebwa anafika. Wewe umefika wapi?

Mnyama Mkali

Nusu fainali ya Afrika tumefika bila wewe, kaa chini.

Mzee wa Kibirizi

Jamani Simba na Yanga zina nyuzi zao elfu moja humu. Turudi getini. Nimesema katabasamu.

Mchumi wa Bangwe

Turudi basi. Ujerumani waliliona hili mapema. Wanachama wanabaki na nusu ya kura na moja juu, tajiri alete hela ila hawezi kuamua peke yake. Ingekuwa hapa kwetu, kiingilio kisingepanda asubuhi ya mechi bila mkutano.

Kiungo Mkabaji

Leipzig nao ni wa huko huko Ujerumani, wana wanachama wenye kura wachache mno, karibu wote watu wa kampuni ya Red Bull. Tajiri akiamua kupita anapita. Hapa angewaandikisha wapwa zake kumi na tano, mkutano mkuu ungefanyika sebuleni kwake, na agenda ya kwanza ingekuwa miwa.

Bi Mkubwa wa Gungu

Nyie mnalia elfu tano, njooni kwenye banda la mpira la mtaani kwetu. Mia tano imekuwa elfu moja kwa sababu ni Arsenal. Viti vya ubao, feni moja, na hiyo feni inamwangalia mwenye banda. Juzi jenereta limezima dakika ya 88, kaambiwa rudisha hela, anasema "matokeo si mtayasoma kwenye simu." Na mtoto wangu nilimlipia kiti, kapakatwa!

Mgebuka Mkavu

Jenereta likizima 88 hapo kuna mtu kakufichia kipigo, mshukuru. Wewe si Arsenal?

Bi Mkubwa wa Gungu

Arsenal wa kuzaliwa. Na sijaomba ushauri.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Banda la kwetu mwenyewe anahamisha stesheni katikati ya mechi kuangalia tamthilia ya Kituruki. Ukilalamika anasema umeme ni wake.

Mzee wa Kibirizi

Wakuu, uzi unahusu tajiri wa timu. Alisema LEO WATU WAMEINGIA. Hakuna anayeumia?

Mtoto wa Mbagala

Samahani nauliza nje ya mada. Hao dagaa wa kambini bei ya rejareja ilikuwa shilingi ngapi? Huku Dar tunauziwa kwa kipimo cha kijiko.

Binti wa Ujiji

Dagaa wamepanda kaka. Tangu ziwa lifungwe watu wasivue ile miezi mitatu ya 2024 watu walishajua mnaweza kulipa zaidi, bei ikapanda na haikukumbuka kushuka.

Wa Mchangani

Si kweli, ziwa kufungwa kumesaidia, migebuka sasa inatoka mikubwa. Tatizo ni madalali wa pale mwaloni.

Mtoto wa Mbagala

Lakini dagaa wa Mwanza ni bei nafuu.

Binti wa Ujiji

Toka humu.

Bi Mkubwa wa Gungu

Mtu anafananisha dagaa wa Kigoma na wale wa mchanga! Mod yuko wapi?

Afande Mstaafu

Dagaa wetu anakaangwa kwa mawese, vitunguu vingi, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue. Ugali wa muhogo. Hapo hata kama umefungwa tatu unalala.

Mtoto wa Mbagala

Mawese nayo nataka. Ndoo ya lita ishirini kwa treni mpaka Dar inafikaje?

Wa Mchangani

Ninayo, safi, ya Simbo. Njoo pembeni tuongee.

Mtoto wa Mbagala

Kwani bei ni siri? Weka hapa.

Wa Mchangani

Njoo pembeni mkuu.

Mtoto wa Mbagala

Nyie wafanyabiashara wa Kigoma mna tatizo gani? Ngoja niwafungulie uzi.