Mjadala: Kiwanja cha mlimani kichongwe kiwe tambarare, au nyumba ifuate mlima?

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili, hasa ninyi wa Mwanza na wote mnaojenga miinukoni. Kipimo kinachofuatwa sehemu nyingi ni kwamba udongo ukikatwa, ukingo wake ulale kwa 1 kwa 2: ukipanda mita 1, unarudi nyuma mita 2. Nia ni njema, usiporomoke. Wakati huohuo tunahimizwa tusiuvuruge mlima. Haya mawili yanagongana.

Chukua mteremko wa 1 kwa 3. Unataka sehemu tambarare ya mita 12. Ukiikata yote, nyuma ya nyumba umeshuka mita 4. Sasa laza ukingo kwa 1 kwa 2 mpaka ukutane na ardhi ya asili: zinaliwa mita 24 nyingine. Jumla 36, na kiwanja chako ni 20 kwa 30. Umeshaingia kwa jirani wa juu! Ukingo wa 1 kwa 1 ungekula mita 6 tu.

Kwa hiyo naona kanuni ianze na kina cha kukata, siyo ulalo wa ukingo. Nyumba hiyohiyo ukiigawa ngazi tatu za mita 4, hakuna mahali utakapokata zaidi ya mita moja na nusu, na ukuta mfupi wa mawe unatosha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hesabu yako haina ubishi. Ila mimi ni fundi, naongea ya saiti. Ngazi tatu ni jamvi tatu (zege la sakafu), kuta za ziada, na bibi anayetafuta choo usiku gizani. Mteja akisikia bei anaondoka. Jingine: ukilegeza ukingo, watu watakata wima na ukuta watasema utajengwa baadaye. Na ukuta wenyewe wengi hawaachi matundu ya kutolea maji. Ukuta wa kimo cha mita 4, maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, kila mita moja ya ukuta kwenda pembeni inasukumwa na maji peke yake kwa uzito kama wa tani 8. Kipimo cha 1 kwa 2 kinamlinda asiye na pesa ya mhandisi.

Mchangiaji wa pili:
Mnajadili ya juu, sisi wa bondeni hamtutaji. Kijiko (mashine ya kuchimba) kikishachonga, kifusi kinasukumwa pembeni. Mvua ya kwanza tu mtaro wetu umejaa mchanga, maji yanapita uani, mengine yanaubeba mpaka Mto Mirongo na ziwani. Na yale mawe makubwa, mengine yamekalia udongo. Ukichimba chini yake kutafuta nafasi ya jiko, unalegeza kitu kilichotulia tangu enzi za mababu, na kikishuka kinamkuta mtu asiyehusika. Mimi nataka kibali kieleze kifusi kinapelekwa wapi kabla mashine haijapanda.

Mleta mada:
Ndugu wa bondeni, la kifusi nakubaliana nawe kabisa, na la mawe pia.

Fundi, kwa bibi nina jibu. Acha ngazi. Badala ya nyumba ya 12 kwa 8, jenga ya 6 kwa 16, ule urefu ukikingama mteremko. Eneo ni lilelile, sakafu moja. Kina cha kukata kinashuka hadi mita 2, na hata ukingo wa 1 kwa 2 unakula mita 12 tu. Jumla 18, umebaki ndani ya kiwanja bila ukuta mrefu. Kipimo chako kimeheshimiwa na nusu ya mlima haijaguswa.

Kinachobaki kiko kwa wanaochora ramani za viwanja. Walio mipango miji humu: huko milimani, mnashindwa nini kuulaza upande wa mita 30 ukingame mteremko, ili mtu apate nafasi ya nyumba ndefu na nyembamba?