MREJESHO: Yule binti wa Kimaasai kigumu

Habari zenu wapendwa. Mie ndo yule binti wa Mbeya niliyeomba ushauri hapa, kwamba niko Arusha najifunza Kimaasai kabla ya kwenda umisheni Longido na nilitaka kurudi nyumbani maana kichwa kilikuwa hakishiki kitu.

Bado nipo! Dada mmoja aliniambia niweke daftari chini nikakae na wamama, nikafanya hivyo. Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi ni darasa, mchana napanda daladala hadi Kisongo kwa bibi mmoja, tunachota maji, tunakamua, ananitajia kila kitu tunachoshika, enkare maji, kule maziwa, enkiteng ng'ombe, nikikosea ananirudisha mpaka nitamke sawa. Kumbe shida yangu kubwa ilikuwa nalazimisha kifanane na Kinyakyusa wakati sio Kibantu kabisa, kuna ol- ya kiume na en- ya kike mwanzoni mwa majina, halafu sauti ikipanda au ikishuka maana inaweza kubadilika. Na salamu jamani, nilikuwa nawasalimia wamama supai, kumbe mama anaambiwa takwenya naye anaitika iko.

Ijumaa nafua na kumpigia mama, Jumamosi marudio.

Jumapili iliyopita nikasoma mistari mitatu kanisani kwa Kimaasai. Bibi alikuwa benchi la mbele, tulipotoka akanishika mkono hatukuachana mpaka stendi. Dada uliyenishauri, ashe oleng, yaani asante sana.